Kidato kwa Kidato: Historia ya Lamrimu, Njia ya Tafakuri ya Wabuddha wa Tibet

Lamrimu ni neno la Kitibeti lililoundwa kwa maneno mawili: lam, yaani njia, na rim, yaani hatua zinazofuatana. Ndilo jina la utaratibu wa kusoma na kutafakari unaoyapanga mafundisho ya Buddha kwa mfuatano, tangu siku mtu anapotafuta mwalimu hadi siku anapoamka kama Buddha mwenyewe alivyoamka. Utaratibu huu ulipata umbo lake magharibi mwa Tibet katika karne ya 11, kwa kalamu ya mtawa wa Bengali, na ukaandikwa kwa mapana yake yote mwaka 1402 katika monasteri moja kaskazini mwa Lhasa. Swali lililouzaa ni la kale zaidi: je, hekima hupandwa kidato kwa kidato, au humjia mtu yote kwa mara moja?

Maandiko ya Kipali, ambayo ni miongoni mwa hazina kongwe za Ubuddha, yanasimulia habari za Brahmini mmoja aitwaye Moggallana, mhasibu kwa kazi yake, aliyemwendea Buddha mjini Savatthi katika jumba lililotolewa wakfu na mwanamke tajiri, Visakha. Mhasibu alianza na kile kilichokuwa mbele ya macho yake. Ngazi za jumba lile, alisema, hupandwa moja moja hadi ya juu kabisa. Wapiga mishale nao hujifunza hivyo. Hata wahasibu, wakimpokea mwanafunzi, humfundisha kwanza kuhesabu moja, kisha mbili, kisha tatu, mpaka afike mia. Je, mafundisho ya Buddha yana mpango wa namna hiyo?

Buddha alijibu kwamba yanao, akatoa mfano wa mfunza farasi ambaye humzoeza mwanafarasi lijamu kabla ya jambo lingine lolote. Kisha akazitaja hatua: adabu ya mwenendo, kuyalinda macho na masikio, kiasi katika kula, kukesha, kuwa na uangalifu katika kila tendo, na hatimaye kuketi peke yake msituni hadi akili itulie. Moggallana akauliza tena: wote wanaofundishwa hivyo hufika? La, wengine hufika na wengine hawafiki. Mtu aweza kuelekezwa vizuri barabara ya kwenda Rajagaha, akashika njia ya magharibi akapotea; aliyemwelekeza kazi yake ni kuonyesha njia tu. Picha ya ngazi na picha ya njia, ambazo Watibeti wangezishika miaka zaidi ya 1,000 baadaye, zote mbili zimo katika mazungumzo hayo mafupi.

Katika karne ya 5, mtaalamu Buddhaghosa aliyekuwa akifanya kazi Anuradhapura, Sri Lanka, alikusanya mafunzo ya tafakuri katika kitabu kikubwa kiitwacho Visuddhimagga, njia ya utakaso. Alikipanga kwa nguzo tatu: maadili, utulivu wa akili na hekima. Kitabu hicho kingali mwongozo wa Wabuddha wa tawi la Theravada. Tibet ilipokea Ubuddha kwa mlango mwingine, ule wa tawi la Mahayana na vyuo vikuu vya watawa vya kaskazini mwa India, na huko swali la ngazi lilizuka kwa ukali.

Mfalme Trisong Detsen, aliyetawala Tibet katika nusu ya pili ya karne ya 8, alimwalika mwanazuoni Shantarakshita kutoka India na kujenga monasteri ya Samye, ambako Watibeti wa kwanza walipewa daraja ya utawa. Wakati huohuo walimu wa Kichina wa madhehebu ya Chan walikuwa wakihubiri katika dola yake. Mkuu wao, Moheyan, alifundisha kwamba mawazo yote, mema na mabaya, hufunika akili kama mawingu, meupe na meusi, yanavyolifunika jua sawasawa. Anayeacha kuwaza huamka papo hapo. Upande wa Wahindi ulipinga. Kwa kawaida inaelezwa kwamba kati ya miaka 792 na 794 Moheyan na Kamalashila, mwanafunzi wa Shantarakshita, walikabiliana Samye mbele ya mfalme. Vitabu vya Kitibeti vinasema Kamalashila alishinda. Hati ya Kichina iliyopatikana katika mapango ya Dunhuang inampa ushindi Moheyan, na wanahistoria wengine wanaona huenda haukuwa mjadala wa ana kwa ana bali mabishano ya maandishi ya miaka kadhaa. Jambo lisilo na shaka ni kwamba Kamalashila aliacha vitabu vitatu viitwavyo Bhavanakrama, hatua za tafakuri, na hoja yake kuu ikabaki Tibet: mtu asiyetumia akili yake kuchunguza hawezi kufika mahali ambapo uchunguzi hauhitajiki tena. Kukaa bila kuwaza, alisema, si hekima. Hata aliyezimia hawazi.

Dola ya Tibet ilisambaratika baada ya mfalme Langdarma kuuawa, tukio ambalo kwa kawaida huwekwa mwaka 842. Monasteri zikakosa wafadhili, na kwa zaidi ya karne moja mafundisho yalipita mkononi mwa watu binafsi. Matini za tantra, yaani mafundisho ya siri, zenye lugha ya mafumbo kuhusu matambiko, ngono na kuua, zilichukuliwa na wengine kama zilivyoandikwa. Watu walidai kwamba anayefuata tantra hahitaji maadili, na wenye kushika maadili wakadai kwamba tantra ni upotovu mtupu. Kila kundi lilikuwa na kipande cha mafundisho na kukiita kizima.

Katika ufalme wa Guge, magharibi mwa nchi, mtawala Yeshe-Ö aliivaa kazi ya kurekebisha hali hiyo. Aliwatuma vijana Kashmir wakasome. Simulizi linasema walikuwa 21, wakarudi wawili tu; wengine waliuawa na joto na magonjwa. Mmoja wa waliorudi, Rinchen Zangpo, aliyeishi kuanzia 958 hadi 1055, akawa mfasiri mkuu wa zama zake. Simulizi lingine linamhusu Yeshe-Ö mwenyewe: kwamba alitekwa na maadui waliodai fidia ya dhahabu yenye uzito wa mwili wake, na mpwawe Jangchub Ö alipoikusanya ikapungua uzito wa kichwa tu. Mzee akakataa kukombolewa, akaagiza dhahabu yote itumike kumwalika mwalimu kutoka India. Wanahistoria hawalichukui simulizi hili neno kwa neno, lakini kila kizazi cha Watibeti kimelisimulia kwa machozi, maana linaonyesha Watibeti walivyoithamini bei iliyolipwa.

Mwalimu huyo alikuwa Atisha, jina la kitawa Dipamkara Shrijnana, aliyezaliwa mwaka 982 katika familia ya kifalme huko Bengali, eneo la Vikrampur ambalo leo liko Bangladesh. Alipokuwa tayari mwanazuoni mwenye jina, alipanda meli ya wafanyabiashara kwenda Suvarnadvipa, nchi ya dhahabu, ambayo ni Sumatra ya leo. Safari hiyo ya bahari, kwa mujibu wa masimulizi, ilichukua miezi 13 ya dhoruba. Huko alisoma kwa miaka 12 kwa mwalimu ambaye Watibeti humwita Serlingpa, na alichokifuata hasa ni mafunzo ya bodhichitta, yaani nia ya kutafuta kuamka kwa ajili ya viumbe wote. Aliporudi India alikuwa mmoja wa wakuu wa chuo cha Vikramashila, katika Bihar ya leo.

Mfasiri Naktso alitumwa kumwita. Wakubwa wa Vikramashila hawakutaka kumwachia, na ruhusa ikapatikana kwa ahadi kwamba atarudi baada ya miaka mitatu. Atisha aliondoka mwaka 1040, akapitia Nepal, na mwaka 1042 akafika Guge akiwa na umri wa miaka 60. Hakurudi tena India.

Katika monasteri ya Tholing, Jangchub Ö alimwomba jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwenyeji wa mgeni mkubwa. Hakuomba siri za juu wala matambiko ya nguvu. Aliomba fundisho litakalowafaa watu wote wa Tibet, lenye kuunganisha sutra, yaani hotuba za Buddha, na tantra, jepesi kufuatwa. Inasemekana ombi hilo lilimfurahisha Atisha kuliko yote aliyowahi kuombwa. Jibu lake ni Bodhipathapradipa, taa ya njia ya kuamka, utungo wa beti zipatazo 70 tu.

Nguvu ya utungo huo iko katika wazo moja. Atisha aliwagawa watu wa dini katika aina tatu kwa kuangalia kile wanachokitafuta. Wa kwanza anajitafutia mema katika mzunguko wa maisha, asizaliwe pabaya baada ya kufa. Wa pili ameuchoka mzunguko wenyewe na anatafuta kutoka. Wa tatu ameyaona mateso yake mwenyewe akatambua kwamba ya wengine ni yaleyale, akataka kuyakomesha yote. Mgawanyo huu ulikuwapo katika vitabu vya Kihindi. Jipya ni kwamba aina hizo tatu ziligeuzwa kuwa hatua za mtu mmoja. Hakuna anayeruka kwenda ya tatu: asiyeogopa matokeo ya matendo yake mwenyewe hawezi kwa kweli kuhofia ya wengine, na asiyechoshwa na mateso yake atawahurumia wengine kwa maneno tu. Kwa hiyo fundisho la maadili lililodharauliwa na wafuasi wa tantra likawa kidato cha chini cha ngazi ileile ambayo tantra ni kidato cha juu. Hapakuwa na haja ya kutupa chochote, na hapakuwa na ruhusa ya kuruka chochote. Hilo ndilo lililoponya mpasuko wa Tibet, kuliko amri ya mfalme yeyote.

Mtu aliyelifanya fundisho hilo lidumu alikuwa Dromtön, mlei kutoka Tibet ya kati, aliyekutana na Atisha mwaka 1045 na kumshawishi aje upande wa Lhasa. Atisha alifariki Nyethang mwaka 1054. Miaka michache baadaye Dromtön alianzisha monasteri ya Reting kwenye msitu wa mireteni kaskazini mwa Lhasa, na wafuasi wao wakaitwa Wakadampa, yaani watu wanaolichukua kila neno la Buddha kuwa ushauri kwao wenyewe.

Wakadampa hawakupenda makuu. Anayekumbukwa zaidi kwa ukali wa kujichunguza ni Geshe Ben, ambaye masimulizi yanasema aliwahi kuwa mnyang'anyi. Aliketi na vijiwe vyeupe na vyeusi. Wazo jema likimpitia huweka cheupe, baya likimpitia huweka cheusi, na jioni huhesabu. Mwanzoni rundo lilikuwa jeusi karibu lote. Siku moja alisikia kwamba mfadhili wake anakuja kumtembelea, akafagia chumba na kupanga sadaka za madhabahu kwa uzuri. Alipoketi alijiuliza amefanya hivyo kwa nini, akaona ni ili asifiwe. Akainuka, akachota vumbi kwa mkono, akalimwaga juu ya madhabahu. Habari hizo zilipomfikia yogi wa Kihindi Padampa Sangye, alisema hiyo ndiyo sadaka bora iliyotolewa Tibet. Katika kisa hiki tafakuri haikungoja mto wa kuketia wala ukimya wa pango. Ilifanyika ufagio ukiwa bado mkononi.

Kutoka kwa Wakadampa pia yalitoka mafunzo ya kuizoeza akili huruma, yaliyoandikwa na Langri Tangpa katika beti nane na baadaye na Chekawa katika vipengele saba. Gampopa, aliyeishi kuanzia 1079 hadi 1153, tabibu aliyeingia utawa baada ya kufiwa na mkewe, alisoma kwao kwanza, kisha akawa mwanafunzi wa yogi Milarepa, na kitabu chake kiliingiza hatua za Atisha katika madhehebu ya Kagyu. Ngazi haikuwa tena mali ya dhehebu moja.

Karne tatu na nusu baada ya Atisha, Reting ilipokea mgeni mwingine. Tsongkhapa Lobsang Drakpa alizaliwa mwaka 1357 Amdo, kaskazini mashariki, akaenda Tibet ya kati akiwa kijana wa miaka 16, akasoma kwa walimu wa madhehebu mbalimbali. Mwaka 1392, akiwa tayari na sifa ya usomi, aliacha kufundisha akaenda faraghani Ölkha na wanafunzi wanane, wakila kidogo na kusujudu maelfu kwa maelfu ya mara. Jiwe linaloonyeshwa kuwa na alama za mwili wake limekuwa mahali pa kuhiji. Mwaka 1402, huko Reting, alikamilisha Lamrim Chenmo, kitabu kikubwa cha hatua za njia. Masimulizi yanasema alipofika sehemu ya mwisho, inayohusu utupu, yaani kwamba vitu havina uhalisi wa kujitegemea, alitaka kuiacha kwa kuona kwamba wasomaji wachache wangenufaika, na kwamba Manjushri, bodhisattva wa hekima, alimhimiza aendelee. Ilipoandikwa, ikawa sehemu inayobishaniwa kuliko zote.

Kitabu kinaanza na mwalimu: jinsi ya kumchunguza kabla ya kumfuata. Kinafuata na thamani ya kuzaliwa binadamu, kwa mfano wa kale wa kasa kipofu anayeibuka baharini mara moja kila miaka 100. Bahati ya kuzaliwa mtu ni kama kichwa chake kuingia katika tundu la nira inayoelea juu ya maji. Kisha kifo, ambacho ni hakika ingawa saa yake haijulikani. Kisha kukimbilia hifadhi kwa Buddha, mafundisho yake na jumuiya yake, na sheria ya karma, yaani matendo na matokeo yake. Hapo daraja ya mtu wa kwanza imekamilika. Ya pili inaeleza mateso ya mzunguko na chanzo chake. Ya tatu inaanza na huruma, na mlango wake mmoja ni kuzoea kumwona kila kiumbe kuwa aliwahi kuwa mama yako katika maisha yasiyo na idadi, kukumbuka wema wake, na kutaka kuulipa. Zinafuata fadhila sita, na mbili za mwisho, utulivu wa akili na hekima, zinachukua sehemu kubwa ya kitabu.

Tsongkhapa alikuwa na ugomvi na watu wa zama zake, nao ulikuwa mwangwi wa Samye. Wengi walisema kusoma ni kazi ya wasomi na kutafakari ni kazi ya wenye kukaa pangoni, na kwamba anayetafakari hapaswi kuchambua. Yeye alishikilia kwamba kuna tafakuri za namna mbili, ya kuchunguza na ya kutulia, na kwamba kile unachokitafakari ni kilekile ulichokisikia na kukiwazia. Alitumia mfano wa sonara: dhahabu huchomwa na kuoshwa mara nyingi, na ni baada ya hapo tu huweza kufanywa herini au pambo lolote. Akili nayo huchomwa kwa kutafakari mateso na kuoshwa kwa kutafakari mema, kisha hutulizwa popote mtu atakapo.

Hatua za utulivu zimechorwa kwenye kuta za monasteri nyingi. Njia inapanda mlima kwa mapindi, na mtawa anamfukuza tembo mweusi anayeongozwa na kima mweusi. Tembo ni akili, weusi wake ni uzito na usingizi. Kima ni kutangatanga. Mtawa ana kamba, ambayo ni kumbukumbu, na kulabu, ambayo ni uangalizi. Kila pindi weupe unatambaa kutoka kichwani mwa tembo kuelekea mkiani. Njiani sungura anatokea mgongoni mwa tembo. Huyo ni ulegevu mwembamba, ule ambao mtafakari huudhania kuwa utulivu. Kando ya njia kuna miali ya moto, mikubwa chini na midogo juu, kuonyesha juhudi inayohitajika. Kufikia hatua ya 9 tembo ni mweupe kabisa, amelala miguuni mwa mtawa.

Mwaka 1409 Tsongkhapa alianzisha Sala Kuu ya Lhasa na monasteri ya Ganden. Wanafunzi wake wakajenga Drepung mwaka 1416 na Sera mwaka 1419, mwaka aliofariki yeye. Katika vyuo hivyo, vya madhehebu yaliyokuja kuitwa Gelug, kusoma kulipewa ratiba ndefu. Masomo ni matano: mantiki, ukamilifu wa hekima, falsafa ya njia ya kati, kanuni za utawa na Abhidharma, yaani uchambuzi wa akili na vitu. Mtahiniwa wa shahada ya geshe hutumia miaka 15 hadi 20 na zaidi. Sehemu kubwa ya mafunzo ni uani: anayejibu huketi chini, anayeuliza husimama, na kila swali humalizika kwa kupiga kofi na kukanyaga chini kwa mguu.

Lamrim Chenmo ilikuwa ndefu mno kwa wengi, na Tsongkhapa mwenyewe aliandika ya kati mwaka 1415. Dalai Lama wa 3 na wa 5, pamoja na Panchen Lobsang Chökyi Gyaltsen, waliandika miongozo yao. Mwaka 1921 Pabongka Rinpoche alifundisha kwa siku 24 mfululizo katika makao ya faragha ya Chuzang, karibu na Lhasa, na maelezo yaliyoandikwa na wasikilizaji yalihaririwa na mwanafunzi wake Trijang Rinpoche kuwa kitabu kinachosomwa sana hadi leo.

Mwaka 1959 Dalai Lama wa 14 alikimbilia India kutoka Tibet iliyokuwa mikononi mwa China, na Mapinduzi ya Utamaduni ya China yaliyofuata yaliigeuza Ganden kuwa magofu. Tangu miaka ya 1980 imejengwa upya pole pole. Uhamishoni, katika jimbo la Karnataka, Sera ilisimamishwa upya Bylakuppe, na Drepung na Ganden zikasimamishwa Mundgod. Katika monasteri ya Kopan, karibu na Kathmandu, kozi ya lamrimu kwa wageni imeendeshwa tangu mwaka 1971, na tafsiri kamili ya Kiingereza ya kitabu cha Tsongkhapa, juzuu tatu, ilitoka kati ya 2000 na 2004. Mwaka 2012 Dalai Lama alianza Mundgod kufundisha vitabu 18 vya lamrimu, kazi iliyomchukua majira kadhaa ya baridi.

Jangchub Ö aliomba fundisho la watu wote, na vitabu vya lamrimu havikumfungia mlango mwanamke. Shahada ya geshe ilimfungia. Watawa wa kike waliruhusiwa kuufanya mtihani wake katika kizazi hiki tu, baada ya miaka mingi ya masomo yaleyale matano na mijadala ileile ya uani. Ni kuchelewa kusikostahili kuonewa fahari. Wa kwanza kukamilisha mitihani kwa utaratibu huo walikuwa 20, na mwezi Desemba 2016, huko Mundgod, walipokea vyeti vyao kutoka kwa Dalai Lama.